Mshale Ukikaa Katikati

Jumatatu, 2 Juni

Kaka,

Sikupigii simu, na wewe usinipigie. Kwenye simu unanikatiza kabla sijavuta pumzi, halafu unasema "basi tumeelewana" na kukata. Safari hii tutaelewana kwa maandishi. Dereva wa gari la vifurushi anapita hapa asubuhi na mtaani kwako jioni, bahasha haimlemei.

Kamera ya baba ilifika salama. Asante kwa kuifunga vizuri. Asante inaishia hapo.

Nimepiga filamu nzima ya ule ufa. Mzee wa Studio aliisafisha, akaniita nyuma ya pazia, akaining'iniza mbele ya taa. Negativu ni nyeusi kama chini ya sufuria. Alipozichapisha, ukuta umetoka mweupe kama shuka la hospitali, na futi yangu ya kushonea niliyoibandika juu ya ufa imebaki utepe mtupu. Hakuna namba hata moja inayosomeka. Mwanga umezila zote.

Unajua kwa nini namba zile ni muhimu, ila nitarudia usije ukasema hukuambiwa. Tangu Mkandarasi aanze kuchimba msingi wa ghorofa nyuma ya karakana yangu, ukuta umepasuka kutoka dirishani mpaka chini. Nilipeleka malalamiko na picha za simu Baraza la Ardhi. Mwanasheria wake akasema picha za simu hata mtoto wa shule anaweza kuzichezea, na Baraza likatikisa kichwa pamoja naye. Wanataka picha za filamu na negativu zake, zikionyesha upana wa ufa kwa kipimo. Mwisho ni Ijumaa tarehe 20. Nisipopeleka, shauri linafungwa, na Mkandarasi anakuja "kwa hisani yake" kuupiga ukuta plasta. Hapo ufa hautaonekana, ila utakuwepo. Na chini ya ukuta huo kuna vyerehani sita na wanawake watano wanaoviendesha, mimi nikiwa mmoja wao. Cherehani cha kwanza nilikiazima. Vingine hakuna aliyenipa.

Na Mkandarasi ni nani? Ni shemeji yako. Kaka yake wifi. Anakula kwako kila Jumapili.

Sasa niambie wewe fundi saa, unayejisifu kusikia saa ikichelewa ukiwa chumba cha pili. Kamera imekaa kabatini kwako tangu tumzike baba, haijawahi kulalamika. Imefika kwangu, kipima mwanga chake kimekuwa kipofu. Imekuwaje?

Imebaki filamu moja. Mzee wa Studio hana nyingine na hajui atapata lini.

Sindano


Jumatano, 4 Juni

Mdogo wangu,

Baba hakukosea kukuita Sindano. Nimesoma barua yako nikajipapasa kuona kama natoka damu.

Kwanza, shemeji anakula kwangu kwa sababu ni ndugu wa mke wangu, si kwa sababu ya ukuta wako. Mezani hatuzungumzi majengo. Nilikushauri uhame, ndiyo, na bado nakushauri: cherehani hubebeka, ukuta haubebeki. Lakini ulipoomba kamera niliituma kesho yake, bila neno.

Pili, usikiite kipofu kabla hatujakipima. Kipima mwanga cha kamera ile ni kitu rahisi: jicho dogo linalohisi mwanga, betri ya kifungo, na mshale unaouona ukichungulia. Unazungusha pete ya lenzi mpaka mshale ukae katikati, kisha unapiga. Kikidhani kuna giza, kitakutaka ufungue tundu la lenzi zaidi, na picha itaungua. Ndiyo iliyokukuta. Kwa hiyo kinaona, ila kinaona giza palipo na mwanga. Tutafute kinaona giza kiasi gani.

Usiweke filamu. Subiri saa sita, jua kali, bila wingu. Filamu yako ni ya 400. Weka kasi ya shata, kile kipazia cha ndani, kwenye 500. Elekeza kamera kwenye ukuta wenyewe, pale saruji haijapakwa rangi. Kijivu kile kipima mwanga hukipenda kuliko rangi yoyote. Kwa jua la namna hiyo baba alikuwa hapimi hata kidogo. Aliweka tundu 16 akapiga. Angalia kwako mshale unakaa katikati kwenye tundu namba ngapi. Kumbuka namba ikishuka, tundu linapanuka.

Na uniambie ukweli, umegusa nini? Nakujua. Cherehani kikikohoa tu, umeshakifumua.

Kaka yako


Ijumaa, 6 Juni

Kaka,

Nimegusa nini? Haya, fungua masikio.

Mzee wa Studio aliniambia, kabla sijapiga hata picha moja, kwamba kamera za umri ule zilitengenezwa kwa betri za zebaki, volti 1.35. Hazitengenezwi tena. Za leo ni 1.5, na zikiingia humo kipima mwanga kinasisimka, kinaona jua mpaka chini ya kitanda, na picha zinatoka za giza. Dawa yake ni kukidanganya. Filamu ni ya 400, wewe unakiambia ni ya 200, ile inayohitaji mwanga zaidi, kinatulia. Nikazungusha kile kigurudumu cha juu mpaka 200. Nilifanya hivyo kwa ushauri wa mtu mzima na mikono iliyooshwa. Ndiyo dhambi yangu, yote hiyo.

Sasa majibu ya kipimo chako. Jua kali, ukuta wa saruji, kasi 500. Mshale umekaa katikati kwenye 8.

Kutoka 16 hadi 11 ni hatua moja, na kutoka 11 hadi 8 ni ya pili. Kila hatua inaongeza mwanga mara mbili. Maana yake filamu yangu imemwagiwa mwanga mara nne ya uliotakiwa. Hesabu hiyo nimeifanya huku nashona kola.

Nikarudisha kigurudumu changu kwenye 400. Mshale ukahamia 11. Vizuri, hatua moja ilikuwa yangu, nimeikamata kwa mkono wangu. Iliyobaki ni ya nani?

Nikafungua kifuniko cha betri kwa chini. Nikaitoa betri. Na chini ya betri, kaka, kuna kibati cha shaba, chembamba kama ukucha, kimelehemiwa kidude cheusi. Baba hakuwa na kitu kama hicho. Lehemu yake bado inang'aa. Na imevutwa mkia kushoto, kama lehemu zote zinazotoka kwenye meza ya fundi saa mmoja ninayemjua, anayetumia mkono wa kushoto.

Nimekitoa. Nimerudisha betri. Nimepima tena jua lile lile, ukuta ule ule.

Kumi na sita.

Unanielewa? Bila kidude chako, kamera inasema alichokuwa akisema baba. Ukikirudisha, inasema uongo, na uongo wenyewe ni wa kuufuta ufa wa shemeji yako. Uliniandikia ukurasa mzima wa somo la kipima mwanga, "tutafute, tutafute," na kibati hukukitaja.

Nimekifunga kwenye kitambaa na kukipiga pini. Nipe sababu moja ya kutokipeleka Barazani, kikae mezani karibu na jina lako. Nikikuita msaliti nitakuwa nimekosea wapi?

S.


Jumatatu, 9 Juni

Mdogo wangu,

Sababu ni kwamba wewe na kibati mmenishitaki, na sote watatu hatujui tulitendalo. Vumilia nieleze, na safari hii sitaficha.

Kibati ni changu. Nilikitengeneza jioni ile ulipoomba kamera. Kile kidude cheusi kinapunguza volti kutoka 1.5 hadi kama 1.35, ili kipima mwanga kidhani kimepata betri yake ya zamani. Ni ugonjwa ule ule aliokuambia Mzee wa Studio, mimi nikautibu kwa chini, wewe ukautibu kwa juu. Hukuniambia, sikukuambia.

Kwa nini sikukuambia? Kwa sababu nakujua. Tangu nilipokwambia uhame, chochote kilichopitia mikononi mwangu unakiona kimepakwa sumu. Ungesikia kuna kibati changu ndani, ungekitoa kabla hujamaliza kufungua kamba ya kifurushi. Nikaona bora nikusaidie kimya kimya. Na ulipoandika kwamba picha zimeungua, nikaona haya. Nikajiambia labda ni mikono yako, labda ni dawa za Mzee wa Studio, nikaona nipime kwanza kisha niseme. Wifi yako amesoma barua yako mezani. Aliniuliza, "Hicho kibati ulimficha nani, dada yako au mimi?"

Lakini sasa nisikilize kama fundi, ukasirike baadaye. Namba yako imeninyima raha. Wewe umefurahi kwamba bila kibati mshale unakaa kwenye 16. Mimi nakwambia haiwezekani. Betri ya 1.5 ikiwa peke yake, kipima mwanga kilipaswa kusisimka na kusema 22. Nilikipunguza ili kishuke kutoka 22 kuja 16. Wewe unaniambia kilikuwa 16 tangu mwanzo, na mimi nimekishusha 11.

Ama umesoma vibaya, na hilo silisemi kwa sauti, ama kuna mtu alikigusa kwa ndani kabla yangu. Mimi sijawahi kufungua bamba la chini. Naapa.

Pima tena. Kisha chukua bisibisi yako ndogo kuliko zote, ile ya cherehani, ufungue bamba la chini. Lina skrubu mbili. Ndani, karibu na waya mwekundu, utaona skrubu ndogo kama kichwa cha pini. Ndiyo ya kurekebishia mshale. Usiizungushe! Iangalie tu, uniambie ikoje.

Baada ya hapo, kama bado unataka kunipeleka Barazani, nitakuja mwenyewe kwa miguu yangu.

Kaka


Jumatano, 11 Juni

Kaka,

Jana nilipima asubuhi, nikapima saa sita, nikampa fundi wangu wa vifungo apime bila kumwambia natafuta nini. Yeye na mimi saa sita tumepata 16. Macho yangu hayana kosa. Natunga uzi bila miwani.

Nimefungua bamba. Skrubu nimeiona. Imefunikwa na tone la rangi, limekauka gumu kama jiwe.

Jekundu.

Nililikwangua kidogo kwa ncha ya sindano, pembeni tu, nikanusa kidole kama mjinga, eti baada ya miaka yote hii. Si rangi ya mafundi. Ni rangi ya kucha. Ni nyekundu ile ya mama, ya chupa yenye kifuniko cha dhahabu.

Unaikumbuka ile chupa? Mimi naikumbuka, maana nilichapwa kwa ajili yake. Mama aliikuta imefunguliwa, imemwagika kwenye droo, akasema, "Nani mwingine humu ndani anayetaka kucha nyekundu?" Nikalia, nikaapa, nikachapwa, nikanyimwa sherehe ya jirani. Na baba alikuwa palepale kwenye kiti chake, gazeti mbele ya uso. Hakulishusha gazeti! Leo nimemkamata mzee yule, amekufa lakini nimemkamata.

Kwa hiyo ni hivi. Betri za zebaki zilipopotea madukani, baba aliweka za 1.5, akaona mshale umesisimka, akafungua bamba, akaurudisha hatua moja kwa skrubu ile, akaiziba kwa rangi ya kucha isicheze. Akarudisha bamba. Hakumwambia mtu.

Kosa lilikuwa moja, la hatua moja. Baba akalirekebisha. Wewe ukalirekebisha. Mimi nikalirekebisha. Marekebisho matatu kwa kosa moja, mawili yamezidi. Kumi na sita, kumi na moja, nane. Hesabu imefunga, haibaki hata senti.

Neno msaliti nalifuta. Hilo la kunificha silifuti, tutakaa nalo.

Sasa ya leo. Nilikuwa nimeshaamua niachane na mshale, nisubiri jua la saa sita, niweke 16 kama baba, nipige. Asubuhi hii vibarua wa Mkandarasi wamefunga turubai kuanzia kwenye jukwaa lao mpaka juu ya paa langu. "Vumbi lisikusumbue, mama," wananiambia. Ukuta wote uko kivulini, kivuli cha ajabu, cha bluu, si giza wala si mwanga. Hapo siwezi kukisia. Mifuko ya saruji imeshashushwa. Msimamizi wao anasema ratiba imebadilika, plasta ni Jumamosi hii. Si wiki ijayo. Hii.

Nina filamu moja na kesho na keshokutwa. Niambie kwa maneno machache na usiache kitu: niuamini huu mshale?

Sindano


Alhamisi, 12 Juni

Sindano,

Dereva anapiga honi mlangoni, nimemshikia mlango wa gari kwa mguu.

Uamini. Kibati kitoe, kigurudumu kwenye 400, skrubu ya baba usiiguse hata kwa pumzi. Pima saruji, usipime futi. Futi ni nyeupe, itakidanganya kipima mwanga. Kivulini kasi itakuwa ndogo, labda 30, kwa hiyo egemeza kamera kwenye kitu, vuta pumzi, toa nusu, bonyeza. Piga kila picha mara tatu, moja kama mshale unavyosema, moja hatua juu, moja hatua chini.

Na nakuambia jambo jingine kabla hujalisikia kwa mtu. Barua yako ilifika jana jioni. Leo asubuhi nimekwenda ofisini kwa shemeji. Nimemwambia mbele ya karani wake kwamba akigusa ukuta wako kabla ya tarehe 20, nitakwenda Barazani nieleze alichokisema mezani kwangu kuhusu kina cha ule msingi. Ndiyo, nilikudanganya, mezani tulizungumza majengo. Ameniita jina ambalo sitaliandika. Wifi yako amenuna tangu asubuhi, halafu mchana akanipakulia nyama zote mbili, sijui maana yake nini.

Sijui kama atanisikiliza. Piga kama vile hatanisikiliza.

Ona, nimekuambia yote. Wala sijafa.

Kaka


Jumapili, 22 Juni

Kaka,

Barua yako ilifika Ijumaa tarehe 13, saa mbili asubuhi. Saa tatu nilikuwa nyuma ya ukuta.

Vibarua walikuwa wameshachanganya saruji. Hawakusubiri hata hiyo Jumamosi yao. Msimamizi akasema nina mpaka sufuria ya chai ichemke. Niliegemeza kamera kwenye mfuko wao wenyewe wa saruji. Kasi 30, mshale ukatetemeka, ukapanda, ukashuka, ukakaa katikati kwenye 4. Nikapiga, nikaongeza hatua, nikapiga, nikapunguza, nikapiga. Futi ikawa inapeperuka kwa upepo wa turubai. Kibarua mmoja, mwembamba, hajui hata jina langu, akaweka mwiko chini, akaja akaishika ncha ya chini kwa vidole viwili. Msimamizi akamfokea, "We, unalipwa na nani?" Akajibu, "Nalipwa kwa mikono, na huu ni mkono." Vidole vyake vimo kwenye picha, na saruji yake.

Nilipobakiza picha moja tu kwenye filamu, simu ya msimamizi ililia. Akasikiliza, akasema "ndiyo bosi" kama mara nne, akawaambia wamwage saruji kwenye shimo. Sitakuuliza kama ni wewe. Uliniambia mapema, kwa hiyo sina haja ya kuuliza. Ni raha ya ajabu hiyo, kutohitaji kuuliza.

Mzee wa Studio aliining'iniza filamu mbele ya taa, safari hii akacheka. Juzi Barazani mwenyekiti alikuja na kioo cha kukuzia. Ripoti ya mhandisi wao ilisema ni ufa wa plasta, milimita mbili. Mwenyekiti akahesabu vimistari kwenye futi yangu kwa sauti, kimoja kimoja, kama mtoto. Alifika milimita kumi na moja. Mwanasheria akaomba negativu, akaigeuza, akaigeuza tena, akairudisha mezani.

Kuchimba kumesimamishwa mpaka ukuta wangu uegemezwe nguzo na wataalamu wasio wake. Sijashinda yote, kuhusu kuujenga upya tutaonana mwezi ujao, na Mkandarasi ameshasema atakata rufaa. Lakini ninapoandika hapa vyerehani vyote sita vinalia ingawa ni Jumapili, maana tumechelewesha sare za shule, na hakuna mtu anayetazama ukuta kila lori linapopita.

Pamoja na barua kuna picha mbili. Moja ni ya ufa, ukiipenda iweke dukani mwako. Ya pili ni ya mwisho kwenye filamu. Nilikuwa nimebakiza moja, na nilisimama dirishani pangu kwenye mwanga, nikajipiga mkono wangu mwenyewe. Filamu haina rangi, kwa hiyo amini neno langu: kucha ni nyekundu. Nilinunua chupa siku ile ile niliyofungua bamba. Mama akiwa anaona huko aliko, ajue hii ndiyo mara yangu ya kwanza.

Kiti cha shemeji mezani kwako kitakuwa kitupu kwa muda. Mlete wifi huku Jumapili ijayo, mle kwangu. Njoo na bisibisi zako, kuna saa ya ukutani inachelewa, na najua utaisikia ukiwa mlangoni.

Kamera nabaki nayo. Kibati chako nimekurudishia, kimo kwenye kitambaa, pini nimeitoa. Kigurudumu changu nimekirudisha kwenye 400. Rekebisho la kwako nimeliondoa, la kwangu nimeliondoa.

La baba nimeliacha.

Sindano